Sura ya Sita: Mbona Gari Halisimami Pale Ninapotaka?

Wenye magari madogo huuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mmoja atasema, "Fundi, breki pedi nimeweka juzi tu, mbona gari bado linaburuzika kabla ya kusimama?" Mwingine atasema, "Nimeambiwa nibadilishe shokapu za nyuma. Si nisubiri kidogo? Kudundadunda nimeshakuzoea." Wa tatu, ambaye mfuko umembana, atauliza, "Nina hela ya kitu kimoja tu. Nianze na breki au na shokapu?"

Maswali yote matatu yana jibu moja, nalo ndilo kiini cha sura hii. Breki husimamisha magurudumu. Kinacholisimamisha gari lenyewe ni tairi kushika barabara. Kuligandamiza tairi ardhini lisiruke ni kazi ya shokapu. Kwa hiyo mtu aliyenunua pedi mpya huku shokapu zake zimekufa amenunua nusu ya breki, na nusu hiyo haitamtosha siku mtoto atakapokatiza barabara mbele yake.

Barabara ya Dzaleka na uzito wa nyuma

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za sokoni. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Hata hivyo mji haukuacha kuhitajika. Bidhaa za dukani, mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, mzigo wa jamaa anayeondoka: vyote hupita njia ile ile. Unatoka kwenye vumbi la kambi, unashika barabara ya Dowa, unaingia barabara kuu ya M1, unapita Lumbadzi na Kanengo, ndipo unafika mjini.

Magari yanayofanya safari hiyo mengi ni madogo yaliyotumika Japani: Toyota Vitz, Toyota Sienta, Mazda Demio na jamaa zao. Mengi hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa hadi mpaka wa Songwe. Yalitengenezwa kwa lami nyororo na familia ndogo. Huku kwetu Sienta yenye viti saba hubeba abiria wa kuchangia nauli, na juu ya hao buti hupokea gunia la mahindi la kilo 50, labda mawili, pamoja na mabegi. Uzito huo wote hukaa juu ya magurudumu ya nyuma au nyuma yake kabisa. Ndiyo maana katika magari haya shokapu za nyuma mara nyingi hutangulia kufa, na dereva hugundua akiwa amechelewa.

Barabara ya udongo nayo ina mchango wake. Vumbi likikauka hujipanga kwa vimatuta vidogo vinavyofuatana kwa karibu. Kila kimatuta hulisukuma gurudumu juu na kulidondosha, na shokapu hulazimika kufanya kazi kila mara. Mvua za Novemba hadi Aprili huleta mashimo na matope. Matope hukauka kwenye sehemu za breki zinazopaswa kuteleza, zikaanza kukwama.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Wengi hudhani shokapu, ambayo Tanzania huitwa pia shokomzoba, ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Inayobeba ni springi, ule waya mnene wa chuma uliojiviringisha. Springi ikikandamizwa hurudi juu, na ikirudi hupitiliza, ikashuka tena, ikapanda tena. Ikiachwa peke yake, gari litaendelea kucheza mita nyingi baada ya shimo moja.

Shokapu ipo ili kuuzima mchezo huo. Ndani yake kuna mafuta, na ndani ya mafuta kuna pistoni, yaani kizibo kinachopanda na kushuka. Kizibo hicho kina matundu madogo yenye vali. Gurudumu likipanda au kushuka, mafuta hulazimishwa kupenya kwenye matundu hayo kwa shida, na ile nguvu ya kudunda hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu nzima huwa na joto baada ya kilomita kadhaa za barabara mbovu. Moja ikiwa na joto na mwenzake wa upande wa pili imebaki baridi, ile ya baridi haifanyi kazi.

Sasa tazama kinachotokea unapokanyaga breki shokapu zikiwa zimekwisha. Pua ya gari huinama, nyuma huinuka, uzito huhamia mbele. Magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Yakikuta shimo au kimatuta, huruka. Gurudumu lililo hewani halishiki chochote, kwa hiyo breki hulifunga mara moja, nalo hutua likiwa limefungwa na kuanza kuburuzika. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, huhisi kwamba gurudumu limekwama na kuiachia breki kwa muda mfupi. Kwa vyovyote vile, unasimama mbali kuliko ulivyokusudia, na nyuma ya gari inaweza kuhama upande.

Breki, kutoka mguuni hadi kwenye gurudumu

Ukimtazama mwenye kabaza, yaani teksi ya baiskeli, akifunga breki utaona vipande viwili vya mpira vikiibana rimu kutoka pande mbili. Breki ya mbele ya gari hufanya hivyo hivyo. Badala ya rimu kuna diski, sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Badala ya mipira kuna breki pedi mbili, kila moja ikiwa bamba la chuma lililogandishwa tabaka la kusugua. Zinabanwa na kalipa, yaani mkono wa chuma wenye pistoni unaoikumbatia diski.

Nguvu ya mguu hufika huko kwa maji maalumu tunayoyaita mafuta ya breki. Pedali husukuma pistoni ya silinda kuu iliyo chini ya boneti, mafuta hupita kwenye mabomba, na pistoni ya kalipa huzisukuma pedi. Maji hayabanwi yakapungua, ndiyo maana mguu hupata jibu papo hapo. Hewa hubanwa, na ikiingia kwenye mabomba pedali huwa laini na kuzama.

Jambo moja huwagharimu wengi pesa. Katika Vitz, Demio na Sienta nyingi, pedi ziko mbele tu. Nyuma kuna breki za ngoma: bakuli la chuma linalozunguka, na ndani yake viatu viwili vya breki vinavyotanuka na kulisugua. Mtu akikuuzia "pedi za nyuma" kabla ya kutazama gurudumu lako, mzuie. Breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa, takriban asilimia 70 ya kulisimamisha gari, kwa sababu uzito huhamia huko unapofunga. Kwa hiyo pedi za mbele huisha mapema, na shokapu za nyuma huumizwa na mzigo. Ndiyo sababu kazi hizi mbili huangukiana katika mwezi mmoja.

Kumbuka pia hesabu ya mwendo. Kwenye lami nzuri na kavu, gari lenye breki na matairi mazima likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa huhitaji takriban mita 9 kusimama baada ya breki kushika. Kwenye kilomita 80 huhitaji takriban mita 36. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye pedali: kwa kilomita 80 hiyo ni mita 22 nyingine. Hapo gari ni zima. Lako lenye pedi nyembamba, shokapu zinazovuja na magunia mawili nyuma litakwenda mbali zaidi.

*Kwa ufupi hadi hapa:*

- Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mdundo.
- Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na tairi ndilo hushika barabara.
- Tairi lisilokaa ardhini huifanya breki mpya ionekane mbovu.

Gari linavyokuambia

Gari huonya mapema. Dalili za shokapu za nyuma ni hizi:

- Ukiisukuma kona ya nyuma kwa nguvu na kuiachia, hucheza zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia.
- Mwili wa shokapu umelowa mafuta na vumbi limegandia hapo kama tope jeusi. Ukungu mwembamba karibu na sili ya juu si hatari. Unyevu unaoteremka hadi chini ni kifo.
- Tairi la nyuma limelika kwa mabonde, ukipitisha kiganja unahisi mawimbi.
- Mlio wa kugonga nyuma kila upitapo tuta.
- Gari huyumba ukipishana na lori kwenye M1, au nyuma huchelewa kufuata kwenye kona.

Dalili za pedi:

- Mlio mwembamba kama filimbi unapofunga. Pedi nyingi zina kipande cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi inapokaribia kwisha.
- Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Hapo umeshachelewa, na diski inaliwa.
- Kiwango cha mafuta ya breki kinashuka polepole bila kuvuja popote. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta huifuata.
- Gari huvuta upande mmoja unapofunga.
- Usukani hutetemeka unapofunga. Mara nyingi kosa ni la diski, na pedi mpya pekee hazitaliponya.

Pedi mpya huwa na tabaka la kusugua la milimita 10 hadi 12 hivi. Likibaki milimita 3, badilisha. Usisubiri siku ya kwenda kukaguliwa kwa ajili ya COF, cheti cha ubora wa gari. Cheti hicho husema jinsi gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Pedi huendelea kulika kesho yake.

Kabla hujatoa kwacha

Ukienda kutafuta spea kwenye maduka ya Old Town, Lilongwe, usiseme "nataka shokapu za Vitz" ukaishia hapo. Nenda na msimbo wa modeli ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Vitz ya SCP10 na Vitz ya KSP90 ni magari mawili tofauti. Sienta ya NCP81 husukumwa na magurudumu ya mbele, NCP85 husukumwa na yote manne, na sehemu zao za nyuma hazifanani. Safari ya kurudi mjini kubadilisha spea isiyoingia humgharimu mtu wa Dzaleka nauli na siku nzima.

Nunua shokapu mbili, kushoto na kulia. Ukiweka mpya upande mmoja tu, nyuma ya gari itakuwa na tabia mbili na italivuta gari unapofunga breki ghafla. Pedi nazo hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa siku moja.

Kama uwezo wako ni shokapu ya mtumba, ikague hivi. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari. Isukume hadi chini, iachie, ivute, irudie mara kadhaa. Upinzani uwe sawa kutoka juu hadi chini, pasipo sehemu inayozama bila nguvu. Mkono wake wa chuma ung'ae bila kutu wala mkwaruzo, kwa maana mkwaruzo mdogo huichana sili. Ikiwa na mafuta nje, irudishe.

Geuza diski utafute maandishi MIN TH pembeni au katikati yake. Namba inayofuata ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Diski iliyopungua zaidi ya hapo haifai pedi mpya.

Kazi ya kwanza: shokapu za nyuma

Ardhi ya kambini ni laini sehemu nyingi, kwa hiyo weka ubao mnene chini ya jeki. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua, kisha inua na uliweke gari juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Jeki hushuka bila kuaga, na tofali hupasuka.

1. Nyunyizia bolti ya chini dawa ya kulegeza kutu, ikiwezekana usiku wa kuamkia kazi.
2. Fanya upande mmoja kwanza, na uitegemeze ekseli kwa jeki ya pili. Shokapu ndiyo huizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukizitoa zote mbili pamoja, ekseli hudondoka, springi huchomoka, na mpira wa breki huvutwa hadi unaweza kukatika.
3. Nati ya juu, katika magari mengi ya aina hii, imefichwa nyuma ya plastiki ya buti. Mkono wa shokapu ukizunguka pamoja na nati, ushike kwenye ncha yake iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usiubane kwa koleo.
4. Piga picha kwa simu mpangilio wa raba na washa kabla ya kutoa. Raba ikikaa chini badala ya juu, mlio wa kugonga utabaki pale pale.
5. Fungua bolti ya chini, toa shokapu.

Hapa fundi mwema humwita mwenye gari.

"Papa, njoo. Sukuma mwenyewe."

Mwenye gari anaibonyeza ile ya zamani kwa kiganja. Inazama hadi mwisho bila upinzani, inabaki huko huko, na kiganja kinarudi kikiwa na mafuta meusi.

"Sasa hii mpya."

Anasukuma, haiendi. Anaiegemea kwa kifua, inashuka taratibu kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, na akiiachia inapanda yenyewe polepole.

"Sasa nimeelewa, fundi. Weka zote mbili."

Dakika hiyo moja humfundisha mteja kuliko maelezo ya saa nzima, na humfanya alipe bila manung'uniko. Mteja, una haki ya kuidai. Omba uone na uondoke na spea za zamani, kila mara.

6. Isukume shokapu mpya juu na chini mara kadhaa ikiwa wima, ili hewa iliyojificha ndani ya mafuta itoke.
7. Iweke, shikiza nati ya juu na bolti ya chini bila kuzikaza kwanza.
8. Bolti ya chini ikazwe mwisho uzito wa gari ukiwa umekaa juu ya magurudumu. Ndani ya tundu la chini kuna bushi, yaani bomba la raba. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi hujisokota gari likishushwa, na itachanika mapema.

Kazi ya pili: breki pedi za mbele

1. Fungua kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kikiwa kimejaa, punguza kidogo kwa bomba la sindano safi, kwa sababu mafuta yatapanda utakaposukuma pistoni. Yakimwagikia rangi ya gari, yafute na uoshe kwa maji mara moja, hubabua rangi.
2. Toa gurudumu. Usilipulize vumbi jeusi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazoleta saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa kuanzia 2005, lakini spea zisizo na chapa inayojulikana haziwezi kuaminiwa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.
3. Fungua bolti ya chini ya kalipa na uipindue juu. Ukilazimika kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake.
4. Toa pedi na uzilinganishe. Pedi ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, kuna kitu kimekwama: ama pistoni, ama pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Hapa ndipo vumbi la Dowa hukaa. Safisha pini na uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake na kuzikwamisha upya.
5. Rudisha pistoni taratibu kwa kutumia pedi ya zamani na kibanio. Gari likiwa na kalipa nyuma zenye handbreki ndani yake, pistoni za huko kwa kawaida hurudishwa kwa kuzungushwa. Ukizilazimisha kwa kusukuma utaziharibu.
6. Weka pedi mpya kwa mikono safi. Tone la grisi kwenye tabaka la kusugua linatosha kuiharibu. Funga kalipa.
7. Rudisha gurudumu na ukaze nati kwa mtindo wa nyota. Kwa Toyota ndogo nyingi nguvu inayotakiwa ni 103 Nm, kwa spana yenye kipimo. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.
8. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ziko mbali na pedi. Kanyago la kwanza litazama hadi chini. Magari yamegonga kuta za gereji kwa kusahau hatua hii.

Kisha zoesha pedi. Tafuta sehemu tulivu, nenda kilomita 50 kwa saa, funga kwa wastani hadi 10, endesha kidogo zipoe, rudia mara nane hadi kumi. Tabaka jipya litajisugua sawasawa na diski. Kwa kilomita 200 za mwanzo usifunge kwa nguvu ila kwa dharura.

Njia za mkato zinazoua

*Kujaza shokapu upya.* Kutoboa shokapu iliyokufa, kutia mafuta yoyote na kuichomelea huondoa mlio kwa wiki chache. Vali na sili zilizokufa hubaki zimekufa. Isitoshe, nyingi zina gesi yenye mgandamizo. Moto wa kuchomelea unaweza kuilipua usoni mwa fundi.

*Mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki.* Jina "mafuta" lisikudanganye. Mafuta ya injini huvimbisha raba zote za mfumo, kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu, na breki huweza kukatika zote. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema.

*Kutobadilisha mafuta ya breki.* Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Anayetoka Lilongwe, mita zipatazo 1,050 juu ya bahari, kwenda Salima na ziwa lililo kwenye mita zipatazo 475, hushuka zaidi ya mita 500. Akishuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote, mafuta yaliyozeeka huchemka, mvuke hujaa mabombani, pedali huzama. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, na kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo.

*Kusaga pedi kwa msasa ili ziache kulia.* Kama kinacholia ni kile kipande cha onyo, umelinyamazisha onyo na kuiacha hatari.

Nianze na kipi?

Turudi kwa mwenye hela ya kitu kimoja. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, au chuma kinakwaruza, anza na breki, na gari lisibebe mtu kabla ya hapo. Pedi zikiwa bado na zaidi ya nusu ya unene wake na shokapu zinavuja, anza na shokapu za nyuma. Vyote viwili vikiwa vimekwisha, subiri upate hela ya vyote, na siku za kusubiri gari likae. Kama haliwezi kukaa, weka pedi kwanza, kisha lipunguzie mzigo na mwendo: gunia lishuke, abiria wa ziada washuke, na mwendo wa M1 usizidi kilomita 50 kwa saa.

Dereva wa kuchangia nauli, waliokaa nyuma yako hawajui kilicho chini ya viti vyao. Mama aliyepakata mtoto hawezi kuinama akaangalia shokapu zako wala kupima pedi zako. Amekuamini wewe. Kabla ya safari ijayo kwenda Lilongwe, sukuma kona mbili za nyuma, chungulia pedi kupitia matundu ya rimu, fungua kikopo cha mafuta ya breki. Ni kazi ya dakika tano, na haihitaji kwacha hata moja.